Kwa Gwakisa, Utakayenishikia Darasa

Ufunguo wa ukumbi uko kwa mlinzi,
si yule wa getini, yule wa nyuma anayeuza vocha.
Kabla hujafungua piano fungua madirisha.
Hapa Kurasini hewa ni maji, mbao hunywa usiku kucha,
na ukifika utakuta ile fa ya kati imelewa:
ukiibonyeza inalala, haiamki.
Iinue kwa ukucha. Usiigombeze.

Saa tisa anakuja Koku,
miaka minane, haraka ya mtu anayedaiwa kodi.
Atataka kuanza mwanzo kwa kuwa mwanzo anaujua.
Mkatalie.
Mwanzishe kipimo cha mwisho, mara tatu,
kisha kile kinachokitangulia pamoja na cha mwisho,
mrudi hivyo kinyumenyume
kama anayepiga deki akielekea mlangoni.
Siku atakapoingia kwa mlango
atakuta sakafu imekauka hadi ukutani.

Zuhayr kiganja chake kimelala kama chapati.
Inua, inua, nimemwimbia mwaka mzima.
Sasa mpe chungwa alishike, hesabu hadi kumi,
lichukue taratibu, mwachie umbo.
(Muuza machungwa hupita saa kumi kasorobo.
Chukua lenye ganda. Lililomenywa tulishalijaribu,
sisimizi wakakaa ndani ya piano mpaka Pasaka.)

Bupe hukimbia kwenye nusu pigo.
Zima metronomu, inamtisha.
Mwambie ahesabu kwa mdomo, kwa Kiswahili:
mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne.
Kila namba imekuja na miguu miwili,
nusu ya pigo imo ndani ya neno tayari.
Miaka kumi na tisa nilifundisha bila kuisikia.
Nilikuja kuisikia kwa kuli aliyekuwa akihesabu magunia.

Jioni ni zamu ya Mzee Lwiza, karani mstaafu wa bandari.
Ana daftari, huandika kila kosa na tarehe yake.
Akikosea husimama, kama anayeliomba kosa radhi,
kisha hulirudia kosa lilelile, kwa adabu, mara saba.
Mwambie vidole havijui baya na jema,
vinajua lililorudiwa.
Apunguze mwendo mpaka aone aibu,
halafu apunguze tena.
Mkono wa kushoto peke yake. Usimhurumie,
kiharusi kilimwacha miaka minne iliyopita,
huruma za watu ndizo hazijamwacha.

Umeme ukikatika msingoje.
Piano haili luku.
Wafumbe macho wapapase vyeusi,
viwili, vitatu, viwili, vitatu,
mpaka kidole gumba kijue kwa do ni wapi
bila kuuliza njia.

Kwenye droo kuna rula ya mbao.
Ni ya kuchorea mistari.
Nasema hivi kwa sababu mimi nilipigwa kwayo vifundoni,
na nikaja kumpiga nayo Tumsifu,
mtoto aliyekuwa na sikio kuliko langu.
Mwezi wa pili nilimkuta Kariakoo, anatengeneza simu,
skrubu ndogo kama chawa, vidole havitetemeki.
Aliponitambua aliingiza mikono mfukoni.
Nilinunua kava nisiyoihitaji.

Penseli ziko kwenye kopo la maziwa. Kalamu ya wino marufuku.
Ada ya Bupe usiulize.

Bandeji watanifungua wiki ya tatu, wakipenda.
Daktari anasema kiwiko kitapona, kidole cha pete hajui.
Saa tisa na nusu nipigie,
weka simu juu ya piano, usiseme neno.
Nataka tu kusikia Koku anavyorudi nyuma.
Lakini usiwaambie ni mimi.
Watapiga kwa ajili yangu,
na hilo ndilo ninalojaribu kuwaachisha.